Ushahidi wa Giza

Umeme ulikatika saa mbili usiku, na mtaa mzima ukatoka barazani. Hapakuwa na mwezi. Juu ya mapaa ya mabati, pale ambapo siku zote huning'inia wekundu hafifu wa taa za mji, nyota zilikuwa zimejaa, na baina ya nyota na nyota palikuwa na weusi mzito, weusi uliokomaa. Mtoto wa nyumba ya pili, aliyekuwa amelala chali mkekani ubavuni mwa bibi yake, akauliza: "Bibi, kwa nini usiku kuna giza?" Bibi akamjibu kama bila shaka alivyojibiwa naye utotoni: "Jua limekuchwa, mjukuu wangu." Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akatoa alichofundishwa shuleni, kwamba hizo nyota nazo ni majua, ila ziko mbali. "Sasa jua moja likizama, haya mengine yote yanashindwaje kuuangaza usiku?" Bibi akacheka, akamfunika kanga miguuni. Umeme ukarudi, watu wakaingia ndani kutazama taarifa ya habari. Swali likabaki nje.

Watu wa pwani hatukuwa wageni wa anga. Mkulima alikitazama Kilimia kabla ya kushika jembe, na methali ikamkumbusha majira: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nahodha aliyetweka tanga katika kaskazi alijua nyota ya kuiweka mbele ya omo na nyota ya kuiacha nyuma ya tezi. Mwadhini husubiri wekundu wa magharibi ufutike ndipo aadhini Isha, na mwisho wa Shaabani macho ya mji mzima huusaka mwezi mwembamba kabla haujafuata jua. Majina ya Zuhura, Mshtarii na Zohali yalitufikia kwa pepo zile zile zilizoleta tende na mazulia. Lakini katika elimu hiyo yote, iliyo pana na yenye heshima, kilichohesabiwa ni kile kinachowaka. Giza la katikati halikupewa kazi. Lilichukuliwa kuwa ni mahali pasipo na kitu, na mahali pasipo na kitu hapamwulizi mtu chochote. Ndiyo maana swali la yule mtoto limenikaa: aliacha kutazama nyota, akatazama mwanya uliopo kati yao.

Hebu tulifuate polepole. Chukulia, kama walivyochukulia baadhi ya wataalamu wa zamani, kwamba ulimwengu hauna ukingo, kwamba nyota zimetawanyika humo bila kikomo, na kwamba zimekuwepo tangu milele. Simama sasa katikati ya shamba la minazi. Shamba likiwa dogo, utaiona barabara baina ya mashina, utaona bahari ikimetameta upande wa pili. Likiwa kubwa, mianya hupungua, maana penye pengo baina ya mnazi huu na ule unasimama mwingine, na nyuma ya huo upo mwingine tena. Na likiwa shamba lisilo na mwisho, hakuna pa kupenyeza jicho. Kokote utakakogeuka, mtazamo wako utagota kwenye shina. Ndivyo ingepasa kuwa juu yetu. Kila mstari unaotoka machoni kwenda angani ungepaswa kugota kwenye uso wa nyota fulani, na uso wa nyota unawaka. Pasingebaki hata mwanya mwembamba wa weusi.

Utasema kwamba nyota za mbali ni hafifu, na ni kweli. Nyota ikiwa mbali mara mbili, mwanga wake unaotufikia hubaki robo. Lakini ukienda mbali mara mbili, nafasi nayo inapanuka, na katika tabaka la unene ule ule utakuta nyota mara nne. Robo mara nne ni moja. Ukienda mbali mara tatu, kila nyota inatoa sehemu moja ya tisa, na nyota zimekuwa mara tisa. Kwa hiyo kila tabaka, la karibu na la mbali, linaleta fungu lile lile la mwanga, na matabaka yanaendelea kurundikana hadi nyota za mbele ziwe zimezifunika kabisa za nyuma. Unyonge wa kila moja unafidiwa na wingi wa zote. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinafurika: anga lote, usiku na mchana, mashariki na magharibi, lingepaswa kuwaka kama uso wa jua, wenye joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Tusingekuwepo wa kulitazama. Giza tulilolizoea, lile tunalolifungia milango na kuliwashia taa, ndilo jambo la kustaajabisha kuliko nyota zote.

Swali hili lina ukoo mrefu. Mwaka 1576 Mwingereza Thomas Digges alichora ulimwengu wenye nyota zilizotapakaa bila mpaka, akadhani nyingi hatuzioni kwa sababu ya umbali wake tu. Mwaka 1610 Johannes Kepler, akimwandikia Galileo aliyekuwa ametangaza mambo aliyoyaona kwa darubini, alisema kwamba kama nyota zote zingekuwa majua yasiyo na idadi, kwa pamoja zingelishinda jua letu kwa mwanga, na kwa kuwa haiko hivyo, ulimwengu una mwisho. Mwaka 1721 Edmond Halley alilijadili London. Mwaka 1744 kijana wa Lausanne, Jean-Philippe Loys de Chéseaux, alilipigia hesabu. Lakini jina lililobaki midomoni mwa watu ni la Heinrich Wilhelm Olbers, daktari wa mjini Bremen, Ujerumani. Olbers hakulipwa mshahara wa kutazama nyota. Mchana alitibu wagonjwa, na usiku alipanda orofa ya juu ya nyumba yake alikoweka darubini zake. Kutoka kwenye nyumba hiyo, mtu asiye na kiti katika chuo chochote cha falaki aligundua asteroidi mbili, Pallas mwaka 1802 na Vesta mwaka 1807. Na mwaka 1823, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60, aliandika makala kuhusu uangavu wa anga, akiuliza alichouliza mtoto wa mkekani. Hadi leo fumbo hili linaitwa kwa jina lake, ingawa hakuwa wa kwanza kuliona, na jibu alilolitoa halikuwa sahihi. Naona haki katika jambo hilo. Walimwengu walimheshimu kwa kulishika swali na kutolitupa.

Jibu lake, kama lile la Chéseaux, lilikuwa kwamba baina ya nyota kuna kitu chembamba kinachomeza mwanga njiani. Si jibu la kubezwa. Mtu wa huku kwetu akitazama kusini jioni za mwezi Mei ataona Msalaba wa Kusini umesimama, na kando yake, katikati ya ukanda mweupe wa nyota zisizohesabika, ataona doa jeusi lililo karibu tupu. Doa hilo ni wingu la vumbi. Nyuma yake nyota zipo, lakini mwanga wake umezuiwa. Kwa hiyo giza la namna hiyo lipo kweli, na linaonekana bila chombo chochote. Ila katika ulimwengu wa milele giza hilo lisingedumu. Vumbi linalopokea mwanga pasipo kupumzika hupata joto, na likipokea muda wa kutosha nalo huanza kung'aa, likatoa kiasi kile kile lilichomeza. Pazia lingeshika moto. Giza la kuzibiwa ni giza la kuazima, na kitu cha kuazima hurudishwa kwa mwenyewe. Lilihitajika giza lenye sababu yake lenyewe.

Aliyelikaribia jibu alikuwa mshairi. Mwaka 1848, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, Mmarekani Edgar Allan Poe, ambaye dunia inamkumbuka kwa hadithi zake za kutisha, alichapisha kitabu kiitwacho Eureka. Humo alidokeza kwamba nafasi tupu tunazoziona baina ya nyota zinaelezeka iwapo umbali ni mkubwa mno hata mwanga kutoka huko haujapata muda wa kutufikia. Tangu mwaka 1676, Mdenmaki Ole Rømer alipochunguza mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, ilijulikana kuwa mwanga hausafiri papo kwa papo. Una mwendo wake, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Mwendo huo hauna mfano hapa duniani, na bado ni mdogo kwa safari zinazoukabili. Kutoka juani hadi hapa ni dakika 8 na kidogo. Kutoka kwenye nyota ya jirani kuliko zote baada ya jua ni miaka 4 na ushei. Mwanga wa Kilimia tunaouona mwaka huu uliondoka huko miaka 440 hivi iliyopita, Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Ule utandu hafifu wa galaksi ya Andromeda, unaoonekana kwa macho matupu penye giza la kweli, ulianza safari miaka milioni 2.5 iliyopita. Kawia ufike, zasema kanga za akina mama, na kila nyota tunayoiona imekawia ikafika. Weusi unaobaki ni wa mianga iliyo bado safarini, na mingine haitafika kamwe. Lisemwalo lipo, kama halipo lipo njiani.

Tutafakari kuchelewa huko kwa mwanga, maana kuna uzito kuliko kunavyosikika. Kama ulimwengu ungekuwa wa milele, hata mwanga wa mbali kiasi gani ungekuwa umekwisha kufika zamani za zamani. Kuchelewa kwake ni ushahidi kwamba safari ilianza siku fulani. Giza la usiku linatuambia kuwa palikuwa na wakati nyota hazikuwepo. Hakuna marefu yasiyo na ncha, na ncha ya ulimwengu wetu, kwa upande wa nyuma, iko miaka bilioni 13.8 iliyopita. Elimu hiyo ilipatikana kwa njia nyingine, ndefu, iliyokanyagwa na watu wavumilivu. Henrietta Leavitt, aliyelipwa ujira mdogo huko Harvard kwa kukagua picha za nyota zilizopigwa kwenye vioo, alionyesha mwaka 1912 namna nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu zinavyoweza kutumiwa kupima umbali. Padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alieleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble akaonyesha kuwa galaksi iliyo mbali zaidi hututoroka kwa kasi zaidi. Urudishe mwendo huo nyuma na vitu vyote vinakaribiana, vinabanana, vinapata joto, hadi unafika mahali ambapo hesabu zetu zinasita. Nyota nazo zina umri. Jua letu limewaka miaka bilioni 4.6 na litawaka kwa jumla miaka bilioni 10 hivi, kisha litachoka. Nyota huzaliwa, huzeeka, hufa, na nishati yao yote haitoshi kulijaza anga kwa mwanga. Habari kubwa kiasi hicho, habari ya mwanzo wa vitu vyote, ilikuwa imetandazwa juu ya kila kichwa, kila usiku, tangu binadamu wa kwanza kuinua uso. Macho hayana pazia, wahenga walisema, lakini kuona peke yake hakukutosha. Ilibidi mtu ashangae.

Na bado mtoto yule, aliyetegemea anga liwake pande zote, alikuwa na haki kuliko alivyojua. Mwaka 1964, huko Holmdel katika jimbo la New Jersey, Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa yenye umbo la baragumu, na antena hiyo ilitoa mvumo ambao hawakuweza kuuondoa. Wakaielekeza upande wa mji wa New York, wakakuta mji hauhusiki. Wakawaondoa njiwa waliojenga kiota ndani yake, wakasafisha kinyesi chao, na mvumo ukabaki vile vile, kila upande wa anga, mchana na usiku, majira yote ya mwaka. Mwaka 1965 ikatangazwa kuwa walikuwa wameusikia mwanga wa kale kuliko yote. Ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, gesi ya moto iliyoujaza ilipoa hadi nyuzi 3,000 hivi, ikawa angavu, na mwanga uliokuwa umenaswa humo ukapata njia. Tangu hapo nafasi imetanuka mara 1,100 hivi, na mawimbi ya mwanga ule yametanuka pamoja nayo, hadi yakawa marefu mno kwa jicho la mwanadamu, yenye ubaridi wa nyuzi 270 chini ya sifuri. Waliokuwa na televisheni za zamani, kabla mitambo ya analojia haijazimwa, wanazikumbuka chenga zilizojaa kwenye kioo stesheni ikishafunga matangazo. Sehemu ndogo ya chenga zile ilikuwa mwanga huo wa kale, umeingia sebuleni bila kubisha hodi. Basi ni kweli kwamba kila mstari unaotoka machoni mwetu, ukipita salama baina ya nyota zote, mwisho wake ni kitu kilichowaka. Anga limejaa mwanga pande zote kama hesabu ya Olbers ilivyodai. Umevutika tu hadi tukauita giza.

Jicho letu linapokea sehemu ndogo ya mianga iliyopo, na jambo hilo lilithibitishwa kutoka kwenye bahari yetu wenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, Wamarekani na Waitalia walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei, na kwa heshima ya siku hiyo na nchi hiyo wakaiita Uhuru. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani. Iliichunguza Cygnus X-1, mojawapo ya vyanzo hivyo, ambayo baadaye wanaastronomia wengi waliikubali kuwa shimo jeusi, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Kwa jicho la eksirei lililo juu ya hewa, anga la usiku la Malindi linang'aa. Umetandaa mng'ao usio na mapengo, unaotoka kwa sehemu kubwa kwenye mashimo meusi makubwa yanayomeza gesi katikati ya galaksi za mbali. Miaka mingi baadaye, chombo cha New Horizons, kilichopita karibu na Pluto mwaka 2015, kiliendelea na safari yake hadi zaidi ya kilomita bilioni 8 kutoka juani, na huko kamera yake ikaelekezwa mahali ambapo hapana kitu cha kutazama, ili kupima weusi wenyewe. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kuwa mwanga hafifu uliopo huko unatosha kuelezwa na galaksi tunazozijua. Inanigusa sana kwamba binadamu wametuma chombo mbali kiasi hicho kwenda kuuliza giza ni giza kiasi gani.

Maswali hayaishii hapo, na ni vema yasiishe. Kama kuna mwanzo, kabla yake palikuwa na nini? Kama ulimwengu unatanuka, unatanukia wapi? Je, upo mwingine kando ya huu, wenye nyota na giza lake? Swali la pili lina jibu ambalo akili hulikubali kwa shida: hesabu hazihitaji uwanja wa nje wa kutanukia, kwa kuwa kinachokua ni umbali baina ya vitu vilivyomo ndani. La kwanza na la tatu yamesimama mlangoni. Mwenye imani ana jibu lake kuhusu Muumba, na hakuna darubini inayomnyang'anya. Lemaître mwenyewe alikuwa padri, na hakupenda hesabu zake zigeuzwe kuwa hoja ya dini. Aliacha kila elimu isimame mahali pake. Sisi wengine, tusio na hesabu za juu wala maabara, tuna haki ya kukisia. Ila kisio lina adabu yake. Poe alipatia katika dokezo lile moja, na katika kitabu hicho hicho ana mengine mengi ambayo hayakusimama. Olbers aliuliza vizuri, akajibu vibaya. Kukisia hakumharibii mtu heshima. Kinachomharibia ni kukisia kisha akakataa kupimwa, akalifanya kisio lake kuwa mali ya kulindwa kwa hasira. Anayesema "huenda" na kungoja, huyo yuko ndani ya elimu hata kama hajawahi kushika cheti. Anayesema "lazima" na kuziba masikio yuko nje yake, hata avae joho.

Tunao mfano wetu, hata kama haukuwa wa anga. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Tanganyika, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu shuleni. Akaingiza maziwa yake kwenye jokofu yakiwa bado ya moto, na akakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye darasani swali lake likageuzwa kichekesho. Hakuliacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, Denis Osborne, na kijana akasimama mbele ya wote akauliza tena lile lile. Osborne hakucheka. Alirudi kazini akalijaribu, na mwaka 1969 makala yao ya pamoja ikachapishwa. Leo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba, na wanafizikia bado wanabishana juu ya sababu yake na hata juu ya masharti ya kutokea kwake. Ubishi huo ni sehemu ya heshima yake. Naona udugu baina ya kijana wa aiskrimu na daktari wa Bremen: wote wawili walikutana na jambo ambalo wengi walilipita, wakakataa kulipita.

Na lipo jambo la mwisho ambalo giza linatudai tulikiri. Tumezoea kulilaani. Tunalitumia kama jina la ujinga, la hofu, la uovu. Lakini anga lingekuwa angavu pande zote kama uso wa jua, hapangekuwa na bahari, wala mnazi, wala mtu. Dunia hupokea joto kutoka upande mmoja mdogo uliopo jua, na hulitoa kwenda kwenye weusi baridi ulioizunguka pande zote. Hayo mapokeo na matoleo ndiyo yanayoendesha mvua, yanayosukuma kaskazi na kusi, yanayolisha majani na wanaokula majani. Uhai unahitaji jua, na kwa kiasi kile kile unahitaji mahali pasipo na jua. Tunaishi kwa sababu nyota zina mwanzo na mwisho, kwa sababu nafasi inatanuka, kwa sababu mianga mingi imechelewa njiani. Ufinyu wa muda, ambao kwa binadamu huonekana kuwa msiba, kwa ulimwengu umekuwa nafasi ya kupumulia.

Kutoka kwa Digges hadi kwenye antena ya Holmdel ni karibu miaka 400. Katika muda wote huo swali lilipita mikononi mwa mwanahisabati, daktari na mshairi, na jibu lake likaandaliwa pia na padri na mwanamke wa kukagua vioo, kila mmoja akilipeleka mbele kidogo, hata pale alipolikosea. Jibu lisilo sahihi lilisameheka kila mara, kwa kuwa alikuja mwingine akalisahihisha. Swali lililonyamazishwa halina wa kulisahihisha. Kwa hiyo nawaomba wazazi na walimu: mkiulizwa na mtoto jambo msilolijua, msilikate kwa kicheko wala kwa ukali. Mwambieni kwamba hamjui, kisha mtoke naye nje, mtazame pamoja, mtafute kitabu, mmwulize anayejua zaidi. Kuuliza si ujinga, na swali la kwa nini usiku ni giza lilikuwa limebeba habari ya mwanzo wa ulimwengu.